Stakabadhi za ujenzi wa zahanati: ni siri ya serikali?

*Swali: "Wakili, habari yako. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, naishi kati ya Luanda na Maseno. Kaunti naomba nisiitaje. Katika mwaka wa fedha wa 2022/2023 mwakilishi wetu wa wadi alitangaza kwenye baraza kwamba zahanati yetu imepata shilingi milioni 8.4 za kujenga wodi ya kujifungulia. Kontrakta alikuja, akapandisha ukuta hadi kwenye linta, akatoweka. Sasa nyasi zimeota ndani, na akina mama bado wanapakiwa kwenye bodaboda usiku kwenda kujifungulia mbali. Ofisi ya wadi iliniambia stakabadhi za kandarasi ni siri ya serikali. Makao makuu ya kaunti walisema nilete barua ya wakili, nieleze nazitakia nini, na nilipe elfu moja ya kufungua faili. Mheshimiwa mwenyewe anasema pesa zote zilitumika, na asiyeridhika angoje debe la 2027. Nimesoma hadi darasa la nane. Je, mtu kama mimi anaweza kuilazimisha serikali imwonyeshe karatasi? Au niende EACC moja kwa moja? Naogopa pia, maana posho yangu inapitia kaunti."*

Dada, unaweza. Huhitaji wakili, huhitaji Kiingereza, na elfu moja hiyo usiitoe. Lakini usianze na EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, na kwa sababu ya posho yako ningependa jina lako lisiwe la kwanza kwenye barua, au lisiwepo kabisa. Nitaeleza yote mawili. Kwanza tuyaondoe yale uliyoambiwa ofisini, kwa kuwa ndiyo yanayowarudisha watu wengi nyumbani kabla hawajaandika hata mstari mmoja.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na serikali ya kaunti ni serikali. Utaratibu wa kuzipata uko katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, anaeleza kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kuliandika ombi hilo na kumpa nakala. Kupeleka ombi hakulipiwi hata ndururu. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili na kukufikishia karatasi, nayo hulipwa baada ya kukubaliwa, tena kwa risiti. Elfu moja ya "kufungua faili" haimo katika sheria hii. Iite jina unalolijua.

Kuhusu kueleza nazitakia nini: sheria yenyewe, katika kifungu cha 4, inasema haki yako haiathiriwi na sababu unayoitoa wala na kile afisa anachodhani ndiyo sababu yako. Mahakama Kuu ilisisitiza hilo mwaka 2017, taasisi ya Katiba Institute ilipodai habari za matangazo ya serikali na kunyimwa. Unachoweza kuulizwa kwa haki ni kama wewe ni raia, kwa hiyo nambari ya kitambulisho au nakala yake inatosha.

Neno "siri" lina mahali pake. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu serikali kuzuia habari zinazohatarisha usalama wa taifa, maisha ya mtu, faragha, mwenendo wa kesi, au maslahi ya kibiashara yanayolindwa. Ukiomba orodha ya wagonjwa wa zahanati utanyimwa, na watakuwa wamefanya sawa. Lakini bei ya kandarasi ya jengo la umma haiko humo. Kifungu cha 5 kinaitaka ofisi ya umma, mara tu inapotia sahihi mkataba, ichapishe yenyewe bila kuombwa: kazi ni gani, thamani yake ni kiasi gani, nani kapewa, na itakamilika lini. Habari wanazokuficha wangepaswa kuzitangaza kabla hujafika mlangoni. Na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru serikali kuu itoe mikataba ya reli ya SGR, yenye mabilioni na nchi ya kigeni ndani yake. Ukuta wa zahanati hauna siri kubwa kuliko hiyo.

Siku hizi kuna kisingizio kipya: Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Sheria hiyo inalinda data za mtu binafsi. Jina la kampuni iliyopewa tenda na fedha za umma ilizolipwa si mambo ya faragha ya mtu. Namba ya akaunti ya benki ya kontrakta wanaweza kuifuta kwa wino mweusi, na zilizobaki wakakupa.

Sasa niguse dhana moja ambayo ni yako mwenyewe, nayo ndiyo inayopoteza muda mwingi zaidi. Umemwendea mheshimiwa kana kwamba ndiye mwenye faili. Hana. Mwakilishi wa wadi hatii sahihi mkataba wala hatoi hundi. Kandarasi ya jengo la kaunti humilikiwa na idara husika, na anayebeba jukumu la kila shilingi ni afisa mkuu wa idara hiyo, kwako Idara ya Afya. Wakati mwingine idara ya ujenzi ndiyo inayosimamia vipimo. Kazi ya mheshimiwa, kwa Kifungu cha 185 cha Katiba, ni kuisimamia serikali ya kaunti, maana yake kuwauliza wao maswali unayomuuliza yeye. Kwa hiyo akikujibu "pesa zote zilitumika", amezungumza kama msemaji wa kontrakta. Ukimrudia, mrudie ukiwa na karatasi za afisa mkuu mkononi.

Na usikosee ofisi. Zahanati, vituo vya afya, shule za chekechea, masoko na barabara za kaunti, faili ziko kaunti. Madarasa ya msingi na sekondari, karo za ufadhili na vituo vya polisi vilivyojengwa na pesa za eneobunge, faili ziko kwa meneja wa mfuko wa NG-CDF. Zahanati nyingi za zamani zilijengwa na CDF ya enzi hizo, ndiyo maana hata leo utasikia watu wakimlaumu mbunge kwa jengo ambalo si lake. Barabara kubwa ziko kwa mamlaka za kitaifa: KeNHA, KeRRA au KURA. Ukipeleka ombi pasipo pake, ofisi iliyolipokea inatakiwa kulihamisha ndani ya siku 5 na kukuarifu. Wengi hawafanyi hivyo. Hunyamaza tu, na mwombaji hudhani amekataliwa na aliyemwandikia.

Kabla ya barua, kuna jambo moja la kutenganisha kichwani: milioni 8.4 ni pesa gani? Kwenye baraza neno "tumepata" hubeba maana tatu tofauti. Kuna pesa zilizotengwa kwenye bajeti. Kuna bei ya mkataba uliotiwa sahihi, ambayo mara nyingi ni nyingine. Na kuna pesa zilizolipwa kweli. Bajeti huweza kusema milioni 8.4, mkataba ukasema 7.6, na kontrakta akawa amelipwa 2.9. Au bajeti ya ziada ikapita katikati ya mwaka, mstari wa zahanati yenu ukakatwa ukaelekezwa kwingine, na hakuna aliyerudi barazani kuwaeleza.

Hapa lazima niwe mkweli kwako: jengo lililokwama si lazima liwe limeibwa. Kontrakta wa kaunti huanza kazi kwa pesa zake. Akifika hatua fulani, mhandisi wa kaunti hupima kilichojengwa, hutoa cheti cha malipo, idara huandaa hati, kisha kaunti huomba idhini ya Msimamizi wa Bajeti kutoa pesa kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti ulioko Benki Kuu. Serikali kuu ikichelewesha mgao, au kaunti ikilipa wengine kwanza, cheti hulala, na kontrakta mdogo asiye na mtaji hufunga virago. Huenda wenu anadai. Huenda pia alilipwa hadi paa ambalo halipo. Ukitazama ukuta ulioishia kwenye linta huwezi kujua ni lipi; ukiona vyeti vya malipo utajua kwa nusu saa. Ndiyo maana nakusihi usimwite mtu mwizi kabla ya karatasi, hata kwa WhatsApp ya kijiji. Kesi ya kuchafuliana jina humlemea maskini kuliko mheshimiwa.

Anza na vilivyo wazi tayari. Kama kibao cha mradi bado kimesimama, kipige picha: nambari ya zabuni, jina la kampuni na mwaka wa fedha ndivyo vitakavyoifanya barua yako ishindwe kukwepwa. Kama kimeng'olewa, tafuta nambari ya zabuni kwenye tovuti ya serikali ya tenders.go.ke au kwenye tangazo la zamani la kaunti. Kijana yeyote wa saiba pale Luanda atakusaidia. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na zinaonyesha kila kaunti ilitumia kiasi gani kwa maendeleo, idara kwa idara. Hazitakutajia zahanati yako, ila zitakuonyesha kama Idara ya Afya ilitumia pesa za maendeleo mwaka ule au ilibaki nazo. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ndiyo tamu zaidi. Katiba inamtaka aikamilishe ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha Juni 30, na humo miradi iliyokwama huweza kutajwa kwa jina, bei na pesa zilizolipwa. Fungua ya kaunti yenu ya mwaka wa 2022/2023, na ya mwaka uliofuata, utafute jina la zahanati. Ukilikuta, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa barua. Kosa la kawaida ni kuandika "tunaomba habari zote kuhusu matumizi ya pesa za wadi yetu". Ombi la namna hiyo ni zawadi kwa afisa mvivu: atasema ni pana mno, au atakutumia kipeperushi chenye picha ya gavana. Omba karatasi yenye jina. Ielekeze kwa katibu wa kaunti, maana kisheria mkuu wa ofisi ya umma ndiye afisa wa upatikanaji wa habari hata kama amemkabidhi mtu mwingine kazi hiyo, na nakala kwa Afisa Mkuu wa Afya. Mwili wa barua uwe hivi:

*YAH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI YA 2016*

*Sisi tuliotia sahihi hapa chini ni raia wa Kenya. Tunaomba nakala za stakabadhi zifuatazo kuhusu ujenzi wa wodi ya kujifungulia katika Zahanati ya ______, Wadi ya ______, mwaka wa fedha 2022/2023, zabuni nambari ______: mkataba uliotiwa sahihi pamoja na BQ (orodha ya kazi na vipimo) yenye bei, barua ya kuikabidhi kampuni kandarasi, kila cheti cha malipo kilichotolewa hadi leo pamoja na vipimo vya mhandisi, taarifa za kamati ya ukaguzi na upokeaji, marekebisho yoyote ya mkataba, na barua yoyote ya kusimamisha au kuvunja kandarasi.*

*Tunaomba nakala hizo kwa karatasi au kwa barua pepe. Tuko tayari kulipia gharama ya kunakili. Tafadhali tujulisheni kiasi kwanza. Endapo kuna sehemu isiyoweza kutolewa, tuelezeni kwa maandishi ni ipi na ni kwa kifungu kipi cha sheria.*

Halafu majina, nambari za vitambulisho, simu moja, anwani moja. Basi. Usiandike habari za akina mama na bodaboda, ingawa najua ndizo zinazokuuma. Usiandike "tumesikia pesa zililiwa". Barua ya ombi haimshtaki mtu, na ikimshtaki itapelekwa kwa wakili wa kaunti badala ya kwenda kwa mtunza faili, ukangoja miezi.

Wakikuletea fomu, ijaze. Wasipokuwa na fomu, au ukikataa foleni ya kuitafuta, barua yako bado ni halali. Ombi haliwezi kukataliwa kwa sababu tu halikuandikwa kwenye fomu.

Ipeleke ikiwa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaondoka nayo. Usikubali "iache hapo mezani, mkubwa atakupigia". Barua isiyo na muhuri haijawahi kuandikwa. Mpokeaji akikataa kupiga muhuri, muulize jina, andika saa na tarehe nyuma ya nakala yako, kisha itume barua hiyo hiyo kwa rejista ya posta na kwa barua pepe ya kaunti siku hiyo hiyo. Kukataa kupokea ombi, au kukaa kimya hadi muda upite, ni kosa la jinai kwa afisa: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Hakuna haja ya kumtishia nayo. Kuitaja kwa upole, mara moja, hutosha.

Muda unahesabika hivi. Kutoka siku ya muhuri wana siku 21 za kukujibu. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, kama stakabadhi ni nyingi au lazima washauriane na wengine. Muhuri ukiwa wa Machi 3, jibu liwe limefika Machi 24. Wakijiongezea, Aprili 7. Kimya baada ya hapo ni kukataa kisheria, hata kama kwa simu wanakuambia "inashughulikiwa". Kuna njia ya saa 48, lakini ni ya habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu. Habari ya jengo lililokwama haiingii hapo, na ukiilazimisha utaonekana huijui sheria unayoitaja.

Tuseme karatasi zimekuja. BQ ni orodha ya kila kazi na kila kipimo, na bei yake pembeni. Usianze na jumla ya mwisho. Anza na vyeti vya malipo, uviweke kando ya BQ, halafu uende navyo kwenye jengo na fundi mwashi mmoja unayemwamini, mchana, pamoja na mwanakamati wa zahanati. Msingi: umelipiwa wote? Sawa, upo. Ukuta hadi linta: upo. Mkanda wa zege juu ya ukuta, mbao za paa, mabati, dari, milango, rangi: cheti kikionyesha hata kimoja kati ya hivi kimelipiwa, na jengo liko wazi juu, hapo pana swali la kweli. Angalia pia aina ya vifaa. BQ ikisema mabati ya geji 28 na yaliyoletwa ni geji 32, mtu amelipwa bati nene akaleta jembamba, kwa kuwa namba ya geji ikipanda unene hushuka. Ikisema nondo za milimita 12 kwenye linta, fundi atazipima pale zilipochomoza.

Sehemu mbili za BQ nakuomba uzitazame zaidi ya nyingine. Ya kwanza iko mwanzoni kabisa: maandalizi ya kazi, kama kibao, bima, banda la stoo na usafiri. Ni rahisi kuilipa mapema na kwa bei ya kuvimba, kwa sababu hakuna ukuta wa kupima. Ya pili iko mwishoni: pesa za dharura, ambazo hazipaswi kuguswa bila maagizo ya maandishi ya mhandisi. Tena kama kuna marekebisho ya mkataba, kumbuka mipaka ya sheria ya ununuzi ya 2015: bei haipandishwi ndani ya miezi 12 ya kwanza, vipimo vya kazi za ujenzi havizidi asilimia 20 ya vile vya awali, na nyongeza zote kwa pamoja hazivuki asilimia 25 ya bei ya mkataba. Namba hizo tatu huanika mengi.

Ukute cheti kimoja tu kimelipwa na cha pili kinasubiri tangu zamani, basi una habari nyingine kabisa, na mlengwa wenu ni kaunti inayodaiwa, siyo kontrakta.

Wakikataa, wakikaa kimya, au wakikupa mkataba bila vyeti (hilo ndilo jibu ninalolitarajia kuliko yote), hatua inayofuata ni Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ofisi ya Ombudsman. Una siku 30 za kuomba uamuzi wa kaunti upitiwe upya. Kwa mfano wetu wa kimya cha Machi 24, usivuke Aprili 23. Ni bure, ni kwa maandishi au kwa mdomo, na tume ina ofisi Kisumu na Eldoret, mbali na makao makuu yake Nairobi na madawati katika baadhi ya vituo vya Huduma. Tume inaweza kumwita afisa, kuamuru stakabadhi zitolewe, na kupendekeza fidia. Agizo lake likipuuzwa husajiliwa Mahakama Kuu na kutekelezwa kama hukumu ya mahakama. Asiyeridhika nalo ana siku 21 za kukata rufaa huko. Sitakudanganya kuhusu kasi. Tume ina mafaili mengi, na huenda barua yao ya kwanza kwa kaunti ikajibiwa polepole. Lakini mara nyingi barua hiyo yenyewe, yenye nembo ya tume na jina la afisa, ndiyo inayoifukua faili "iliyopotea".

Kwenda mahakamani moja kwa moja sikushauri. Majaji watataka kwanza kuona ombi lako, muhuri wake na jibu ulilopewa.

Na EACC? Wao hupeleleza uhalifu. Ukiwapelekea ukuta wenye nyasi na tetesi, watapokea malalamiko na kuyapanga kwenye foleni. Ukiwapelekea cheti cha malipo kinachosema paa limelipiwa na picha ya jengo lisilo na paa, umewapa pa kuanzia. Kwa hiyo karatasi kwanza. Isipokuwa katika hali mbili: kama kuna mtu amekuomba pesa ili akupe stakabadhi, na ile elfu moja isiyo na risiti inahusika, au kama una sababu ya kweli ya kuamini faili inabadilishwa au kuharibiwa sasa hivi. Hapo usingoje siku 21. Wana ofisi Kisumu, Bungoma, Eldoret na Nakuru, na mtu anaweza kuripoti bila kutaja jina.

Mheshimiwa tusimsahau. Ukishajua ukweli wa karatasi, mwandikieni maswali mawili tu: je, aliwahi kuiuliza Idara ya Afya kuhusu jengo hili ndani ya kamati ya bunge la kaunti, na tarehe ipi? Mijadala ya bunge la kaunti hurekodiwa, kwa hiyo jibu lake linaweza kulinganishwa na rekodi hiyo. Asipojibu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa wakazi haki ya kuliandikia bunge hilo ombi rasmi kupitia kwa karani wake, na kamati za bunge zina uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita afisa na kumtaka alete stakabadhi. Hilo halingoji 2027.

Kuhusu hofu yako, usiipuuze na mimi siipuuzi. Sheria haitaki mwombaji awe mhudumu wa afya, wala mkazi wa kijiji hicho, wala mwenye mgonjwa. Raia yeyote anatosha. Mwache mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama au kijana aliyeko Nairobi atie sahihi. Watu watatu ni bora kuliko mmoja, kwa sababu watatu si rahisi kuwatembelea usiku. Wewe leta nambari ya zabuni na picha, ukae nyuma. Lakini usichukue karatasi yoyote ya ofisi kupitia kazi yako na kuisambaza. Ikija kwa njia ya ombi, hakuna atakayekuuliza uliipata wapi. Vitisho vikianza, andika tarehe, maneno na namba ya simu iliyotumika, mripoti polisi na mchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha mwende Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, ambayo nayo ina ofisi Kisumu.

Wakati wa kuonana na mtu ana kwa ana ni huu: mmepata jibu la kukataa linalotaja kesi iliyoko mahakamani au usalama wa taifa, agizo la Ombudsman limepuuzwa na mnataka kulisajili, mmepokea barua ya wakili wa kontrakta, au mtu ametishiwa. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria huwahudumia wasio na uwezo wa kulipa. Siku ya kwenda, bebeni nakala yenye muhuri, picha za jengo zenye tarehe, kila jibu mlilopata, na karatasi moja yenye orodha ya nani aliambiwa nini siku gani. Bahasha pia msizitupe: barua ya kaunti huweza kuandikwa tarehe ya wiki ya pili na muhuri wa posta ukaonyesha ilitumwa wiki ya sita.